Pikapu ya Kubeba Kabeji Haihitaji Kutanua Miguu

Wasee, kila wiki napata DM ile ile. "Bro, niko na Hilux, niweke speisa ama niache?" Wengine hata hawaulizi. Wananitumia tu picha ya pikapu imetanua matairi nje kama bondia amesimama kwa ulingo, halafu emoji ya moto tatu. Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Leo najibu wote mara moja.

Kama pikapu yako inafanya kazi, yaani inabeba mzigo, inabeba watu, inapanda na kushuka hizi milima zetu, usiweke. Kama umeshaweka, toa. Na ndio, najua kuna vidio yangu ya mwezi wa tatu inayosema kinyume kabisa. Nitafika hapo, msiwe na haraka ya kunichoma.

Kwa wale hawajui tunaongea nini: speisa ni kisahani kinene cha chuma, mara nyingi alumini, kinachowekwa katikati ya habu na rimu ili tairi isimame nje zaidi. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ile nyembamba, milimita tano hivi, inavaa tu juu ya bolti za gari halafu rimu inarudi juu yake. Ya pili ni ile nene, milimita 25, 30, mpaka 50. Hiyo unaifunga kwa bolti za gari na nati zake, halafu yenyewe ina bolti zingine, na rimu inafungwa kwa hizo. Hiyo ya pili ndiyo imeshika watu hapa Nyeri, na ndiyo nilikuwa nayo.

Sasa hadithi.

Mathe ananunua kabeji na waru kule Kieni, upande wa Mweiga na Naro Moru, anauza soko la Karatina. Gari ni Hilux ya zamani, ilikuwa ya kampuni, sisi ni watu wa tatu kuimiliki. Mimi ndiye dereva. Nilikuwa chuo nasoma uhandisi wa mitambo, nikaacha mwaka wa pili karo ikikataa kutosha, kwa hivyo msinichukue kama injinia. Lakini hesabu ya mwaka wa kwanza bado iko kwa kichwa, na leo itatusaidia. Kontenti nafanya nikimaliza kushusha mzigo.

Mwezi wa pili, duka moja la vifaa vya magari likanitafuta. Silitaji, na msilitafute, ju shida kubwa hapa ni mimi. Wakasema watanipatia speisa nne za milimita 30 za shilingi elfu kumi na nane, bure, nikitengeneza vidio moja. Mimi nikaona hii sasa ndiyo ile dili. Fundi akazifunga saa moja na nusu, nikapiga picha jua likizama, Mlima Kenya uko wazi nyuma, matairi yako nje, gari imekaa kama ya sinema. Nikaandika "Hii ndiyo tofauti ya gari na gari." Vidio ikatembea kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Wiki ya pili nikaanza kusikia usukani unatetemeka nikifika 80. Nikajiambia ni balansi ya matairi. Unajua nilifanya nini? Niliongeza muziki.

Wiki ya tatu, tukitoka Naro Moru na kabeji mpaka juu ya reli, tairi ya nyuma ikapata pancha karibu na Chaka. Mathe yuko mbele na mimi, vijana wawili wa kupakia wako juu ya mzigo. Tukasukuma gari kando, jamaa wa pancha akaja na jeki yake. Ni mzee wa miaka sitini hivi, hana haraka. Akatoa tairi, akaona speisa, akanyamaza. Akaweka mkono kwa nati za ndani, zile za kushika speisa kwa habu. Akaniita, "Kijana, kuja uone."

Akashika nati kwa vidole viwili, akaizungusha. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa ya soda.

Zilikuwa sita. Mbili zilizunguka kwa vidole. Ya tatu ilihitaji spana lakini haikubishana. Tulitoa tairi ya upande ule mwingine pia, huko tukapata moja. Mzee hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hao vijana huko juu, wanajua?"

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika hii yote. Sikuanguka. Tairi haikutoka. Hakuna mtu aliumia. Ningekuwa na sababu nzuri ya kukaza nati, kuzima simu na kuendelea na maisha, na hakuna folowa angejua. Lakini swali la huyo mzee limekataa kunitoka. Hapana, hawakujua. Walipanda gari wakidhani tairi imefungwa venye kiwanda kilipanga, kumbe imefungwa venye vidio yangu ilitaka.

Wacha nieleze kwa nini zililegea, ju hapa ndipo maduka hunyamaza.

Tairi haishikwi na bolti kama vile nguo inashikwa na msumari. Nati zikikazwa vizuri, zinabana rimu kwa habu kwa nguvu sana, na ni huo mbano, msuguano wa chuma kwa chuma, unaobeba kazi. Bolti inavutwa kidogo kama springi na inaendelea kubana. Sasa kama kati ya hizo chuma kuna rangi, kutu, tope ama grisi, siku za kwanza hizo takataka zinapondeka. Zikipondeka hata kiasi cha unene wa karatasi, mbano umepungua. Mbano ukipungua, chuma zinaanza kusugana. Zikisugana, nati inalegea. Ndiyo maana fundi mwenye akili anakwambia rudi baada ya kilomita mia moja nikaze tena.

Na bila speisa hiyo ni rahisi. Nati ziko nje, unaziona, unachukua spana ya tairi, dakika tano umemaliza. Na speisa una nati kumi na mbili kwa kila tairi badala ya sita, na sita za ndani zimefichwa nyuma ya rimu. Kuzifikia lazima upige jeki na utoe tairi. Zote nne. Niambieni ukweli, ni nani kati yetu ametoa tairi zote nne baada ya kilomita mia moja? Mimi sikutoa. Nilikuwa nahariri vidio.

Sasa nijibu hoja zenu, ju nazijua zote. Nilizitumia mwenyewe.

"Speisa zinafanya gari itulie kwa kona." Hii ina ukweli kidogo, na ukweli kidogo ndio huuza vitu. Gari ikiwa pana zaidi, inapinduka kwa ugumu zaidi. Lakini fanya hesabu. Umbali kati ya tairi ya kulia na ya kushoto kwa Hilux ni kama mita moja na nusu. Milimita 30 kila upande inakupa sentimita sita zaidi. Hiyo ni asilimia nne. Sasa upana ni nusu ya hesabu tu, nusu ingine ni kimo cha uzito. Tuseme uzito wa gari tupu umekaa sentimita 70 kutoka chini. Panga magunia ya waru mpaka juu ya reli, tuseme umepanda mpaka sentimita 90. Umetoka kwa 150 gawanya kwa 70, ukaenda kwa 156 gawanya kwa 90. Toa kalkuleta. Ulikuwa na 2.1, sasa uko na 1.7. Speisa zako za elfu kumi na nane zimekurudishia asilimia nne, gunia la juu limekula zaidi ya ishirini. Ukitaka pikapu itulie kwa kona za kuenda Othaya, shusha gunia mbili na upunguze mwendo. Hiyo ni bure.

"Lakini beringi si zinabeba tu, gari za Toyota ni ngumu." Ngumu, ndio. Lakini chukua tairi moja inayobeba kilo 600. Ukiisongeza nje sentimita tatu, umeongeza mzungusho kwa habu sawa na kufunga chuma cha mita moja hapo, halafu kwa ncha yake ukaning'iniza debe la maji la kilo 18. Debe liko hapo ukiendesha, ukisimama, ukilala. Ukiingia shimo, debe linaruka. Mbele ni mbaya zaidi, ju tairi ikitoka nje, kila shimo linavuta usukani mkononi, na tairodi na boli jointi zinakula kipigo. Barabara ya lami nzuri unaweza kukosa kusikia. Toka lami uingie zile njia za ndani za Kieni wakati wa mvua, utasikia.

Na hapa niwe mkweli, ju kuna wajuaji wataniambia rimu pana za kutokeza nje zinafanya kitu hicho hicho kwa beringi. Kweli kabisa. Debe ni lile lile. Tofauti ni kwamba rimu haina nati sita za siri. Ukiniuliza kati ya hizo mbili, heri rimu iliyotengenezwa na hicho kimo, hata kama sipendi zote.

"Fundi wangu ni mkali." Wangu pia alikuwa mkali. Amefungua injini nyingi kuliko miaka yangu. Lakini niulize: ana ile spana ya kupima nguvu, ile inalia tak ikifika kipimo? Ama alikaza kwa bomba refu na kuruka juu yake kwa mguu? Kwa sababu kukaza kupita kiasi kunavuta bolti mpaka inachoka, na kukaza chini ya kiasi tumeshaona Chaka. Kipimo kiko kwa kitabu cha gari, na hubadilika kama rimu ni ya chuma ama ya alumini. Wangu alikuwa na bomba. Simlaumu, hakuna mtu aliwahi kumlipa anunue hiyo spana. Wateja wake, mimi nikiwa mmoja, tulikuwa tunalipia sura.

Kuna kitu kingine mafundi wetu wanafanya. Bolti za gari zikiwa ndefu kuliko unene wa speisa, zinatokeza na kugusa rimu. Rimu zingine zina vishimo vya kuzipokea, zingine hazina. Zikikosa, fundi anachukua grainda, anakata ncha za bolti. Nimeona kwa macho yangu, cheche zinaruka na mwenye gari anapiga vidio akicheka. Siku utatoa speisa na kurudisha rimu moja kwa moja, hizo bolti ni fupi. Umekata kitu hakiwezi kurudi, kwa sababu ya picha ya Jumamosi pale Kamakwa ukingoja nyama choma.

"Duka limesema zinatoshea gari zote." Hapa ndio hunikasirisha. Hilux na D-Max zote zina bolti sita kwa duara la milimita 139.7, kwa hivyo speisa moja inaingia zote mbili na muuzaji anakwambia ni sawa. Lakini tundu la katikati si moja. La Hilux ni kama milimita 106, la D-Max ni dogo kuliko hilo. Speisa ya Hilux ukiifunga kwa D-Max, kati inapwaya. Speisa nzuri inakalia habu kwa kubana, na yenyewe ina ukingo wa kubeba rimu. Ikipwaya, kazi ya kuweka tairi katikati imeachiwa nati peke yake, na ikikaa upande kidogo tu unapata ule mtetemeko wa 80 ambao mimi niliufunika na muziki.

Na zile nyembamba zisizo na bolti zake, msidhani zimepona kwa sababu ni ndogo. Bolti nyingi za Hilux ni za milimita 12, na kila mzunguko wa nati unasonga milimita 1.5. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike angalau urefu sawa na unene wa bolti, yaani mizunguko minane. Kisahani cha milimita tano kinakula zaidi ya mitatu. Kama ulikuwa na tisa, umebaki na chini ya sita. Halafu unapakia tani moja.

"Ni gari yangu, ni pesa yangu." Hii ndiyo hoja ya mwisho, na ndiyo naheshimu kidogo zaidi, ju ina ujasiri. Lakini tairi ikitoka kwa pikapu haibaki kwa pikapu. Inatangulia mbele yenyewe. Umewahi kusimama Skuta jioni, watoto wa shule wanavuka, mama mboga ameketi na vitunguu vyake kando ya lami, bodaboda kumi zinangoja wateja? Tairi na rimu na speisa yake ikija hapo ikiteremka, haitauliza ni pesa ya nani. Na bima iliandikwa kwa gari ilivyokuwa. Ukiibadilisha na hukuwaambia, siku ya ajali umewapa sababu ya kukunja faili. Pikapu ya biashara pia inakaguliwa kila mwaka. Najua watu wanatoa speisa asubuhi ya ukaguzi na kuzirudisha jioni. Jiulize tu: kama unaficha kitu kwa mkaguzi, unadhani unamshinda nani?

Kuna mtu ataniletea Rhino Charge. Sawa, tuilete. Hayo mashindano yameanza 1989, kuchangisha pesa za ua wa umeme wa Aberdare, huo huo ua unaozunguka msitu wetu hapa, uliokamilika 2009. Magari ya hapo yamekatwa, yameinuliwa, yametanuliwa, yamefanywa kila kitu. Lakini angalia venye wanaishi. Gari linakuja na timu na vifaa vyake. Kabla ya kuondoka linakaguliwa, likirudi linafunguliwa lote. Liko porini, si kwa foleni ya Karatina na mama ndani. Huyo mtu akibadilisha habu, ana sababu na ana ratiba ya kukagua. Sisi tulichukua sura yake tukaacha ratiba.

Hata Ujerumani, ambako watu wanapenda magari kuliko sisi tunavyopenda chai, speisa hazijakatazwa. Lakini ziwe na cheti kinachosema zinaenda kwa gari gani, na mara nyingi mkaguzi azione zikiwa zimefungwa na ziingie kwa karatasi za gari. Kwa hivyo sisemi hicho kisahani ni cha shetani. Kikitengenezwa vizuri, kikikaa kwa gari lake, kikikazwa kwa kipimo na kukaguliwa, kinafanya kazi. Nasema hapa kwetu hizo "ki" nne hazipo, na sisi tunaouza hizi picha tunajua hazipo.

Ndiyo, sisi. Wacha niseme hili la wenzangu wa kontenti, halafu mniblock mkitaka. Tunapenda kusema sisi si kama hao watu wakubwa wanaotuuzia vitu vibovu. Sisi ni vijana, tuko na nyinyi, tunaongea lugha yenu. Basi mbona vidio ya kufunga ni dakika tatu na vidio ya kukaza tena haipo? Nimetafuta kwa kurasa za kila mtu ninayemjua kuanzia Nanyuki mpaka Sagana. Kila mtu ana siku ya kwanza. Hakuna mtu ana siku ya ishirini na moja. Ju siku ya ishirini na moja ni mtu amelala chini ya gari kwa tope na jeki, na hiyo haina emoji ya moto.

Kama uko na hizo elfu kumi na nane na zinakuwasha, wacha nikutumie. Nunua tairi moja mpya ya mzigo uanze kubadilisha zile zimeisha. Fanya alainmenti. Fungua breki za nyuma uone kama kuna kitu kimebaki. Angalia springi, uone kama jani moja limepasuka. Badilisha boli jointi inayolia. Hakuna mtu atakupigia makofi Kamakwa. Lakini gari itashuka kutoka Nyeri kwenda Marua ikiwa na tani moja, na utasimama mahali ulitaka kusimama.

Na kama umesoma mpaka hapa na bado utaweka, basi angalau sikia haya. Nunua iliyotengenezewa gari yako, inayobana habu katikati. Isiwe ile ya kuvaa tu. Hakikisha nati zinashika mizunguko minane. Sugua habu na rimu mpaka chuma ing'ae, usipake grisi wala rangi hapo. Tumia spana ya kupima. Baada ya kilomita mia moja toa tairi zote nne, kaza za ndani, rudisha. Fanya hivyo tena ukienda huduma, na kila ukisikia mtetemeko. Na usibebe mtu nyuma. Nikiisoma hiyo orodha naona ni kazi ya kila mwezi, maisha yote ya gari. Kama uko tayari kwa hiyo kazi, wewe si mtu ninayemwandikia. Ninamwandikia mtu kama mimi, aliyedhani ukishafunga umemaliza.

Sasa ile vidio. Nimeitoa leo asubuhi. Ilikuwa inaniletea pesa kidogo na folowa wengi, na nitahisi hiyo shimo mwisho wa mwezi. Duka limeniambia nirudishe speisa ama nilipe. Kuzirudisha ingekuwa rahisi, lakini hizo hizo, zilizosuguana kwa habu yangu wiki tatu, zitarudi kwa kaunta ziuzwe kwa mtu mwingine kama mpya. Kwa hivyo nitalipa, elfu tatu tatu kila mwezi, miezi sita. Najua wana zingine kwa shelfu, na sitazuia hata moja. Lakini hizi nne hazitarudi kwa barabara. Sai mathe anazitumia kushikilia turubai juu ya kabeji upepo ukivuma usiku. Anasema ndiyo kazi ya kwanza ya maana zimefanya.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Mwezi wa nne kuna msee wa Kutus alinitag. Picha ya pikapu nyeupe imejaa magunia ya mchele wa Mwea, na vijana watatu wamekaa juu, wanacheka. Matairi yako nje. Ameandika, "Nimefuata vidio yako bro, asante sana." Mimi nikaweka moyo na moto na nikaendelea.

Nimemwandikia mara nne tangu Chaka. Nimemtumia picha ya ile nati. Nimemwambia atoe tairi, aguse za ndani na vidole tu, hata spana asichukue. Alisoma ya kwanza. Hizo zingine tatu hajafungua.

Kama unamjua mtu wa Kutus mwenye pikapu nyeupe ya mchele, imetanua miguu, mfikishie hii. Na wewe mwingine, kabla hujaandika kitu hapo chini, shuka uende kwa gari yako na jeki. Ukipata zote zimekaza, rudi uniite mwoga. Nitafurahi sana.